Kamasi zinanuka pua moja tu, jino linahusika? Nipo Ujiji

Wakuu habari za jioni, mwezi wa tatu huu pua ya kushoto inatoa kamasi za njano zinanuka, yani kama dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka, ya kulia safi kabisa. Nikisujudu shavu linakuwa zito utadhani limejaa maji. Mara naambiwa aleji mara sainasi, nimemaliza dozi mbili za amoksilini, inakata siku kumi inarudi vilevile. Jana mama watoto kanikumbusha gego la juu kushoto lilizibwa mwaka juzi, ila haliumi hata kidogo!! Inawezekana?

mgebuka_mkavu: Pole mkuu, jifukize mwarobaini utakuja kunishukuru.

mama_mwanga: Mfukizo utazibua pua nusu saa basi. Mimi yalinikuta hayohayo. Mizizi ya magego ya juu imepakana na sainasi, yani ule uwazi wa hewa ndani ya mfupa wa shavu, kwa wengine katikati ni kimfupa chembamba tu, sasa jino likishakufa ndani maumivu hamna ila usaha unapanda kimya kimya. Nilikunywa vidonge mpaka tumbo likachafuka, kilichoniponya ni jino.

Mleta uzi: Kwahiyo ning'oe tu?

fundi_kinywa: Usikimbilie koleo. Nenda kitengo cha meno pale hospitali ya Maweni, wapige eksirei, na habari ya pua useme mwenyewe maana usiposema wataangalia jino tu. Kama lina nguvu linasafishwa mizizi na kuzibwa upya, limeoza sana ndo ling'olewe. Antibayotiki peke yake inatuliza tu, chanzo kipo palepale. Jino likishatibiwa na kamasi bado zipo, muone daktari wa masikio, pua na koo. Ila jicho likivimba, ukaona vitu viwili viwili au homa kali na shingo kukaza, usingoje asubuhi.

mama_mwanga: Na liking'olewa usipenge kamasi mpaka daktari aruhusu, chafya piga mdomo wazi, mrija wa soda weka pembeni. Mimi nilijifanya mjanja siku ya tatu chai ikatokea puani 😂 nikarudi kushonwa.

mgebuka_mkavu: Chai puani tena? Basi mwarobaini nimeufuta.

Mleta uzi: Nimetoka huko wakuu. Daktari kagonga meno moja moja na kile kichuma chake, mengine kimya, kufika kwa hilo gego nikaruka kwenye kiti. Picha kesho saa mbili.