Tupeane uzoefu: bibi zetu wa kanisani, na yale yasiyosomwa kwenye historia ya marehemu

Uyole Kwetu (mleta mada)
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Juzi tumemzika bibi mzaa mama huko Rungwe. Kaondoka na miaka tisini na ushee, na huo ushee hakuna anayeujua. Mzee wa kanisa akasoma historia ya marehemu: alizaliwa, alibatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa, akajaliwa watoto tisa, ameacha wajukuu, vitukuu na vilembwe. Karatasi moja, tukafukia. Nikabaki najiuliza, huyu aliyesomwa ndiye bibi yangu kweli?

Bibi alikuwa Mmoravian hasa. Kwake hunywi chai kabla fungu la Biblia la siku halijasomwa, lile la kijitabu ambacho Wamoravian wanakichapa tangu 1731, kilianzia kule Herrnhut, Ujerumani. Baada ya msiba tukafungua sanduku lake la bati, tukakuta vijitabu vya miaka na miaka. Pembeni ya mafungu kaandika kwa penseli madeni ya ndizi. "Mama wa kwa fundi, mikungu 2, bado." Kuna siku fungu lilihusu kusamehe, chini yake kaandika vilevile: "bado".

Halafu Pasaka. Alfajiri ya Pasaka ibada yetu huwa makaburini, wanaojua wanajua. Jumamosi yake bibi alikuwa anabeba jembe kwenda kupalilia kaburi la babu, akimaliza anasogea pembeni anapalilia na nafasi yake mwenyewe. Ukimwambia pumzika bibi, anakujibu, "Nitapaliliwa na nani, nyie wa mjini?"

Hayo hayakusomwa. Leteni ya kwenu.

Mufindi Chai
Pole sana mkuu. Wangu alikuwa KKKT, Mlutheri. Alikuwa anapeleka mayai kama sadaka, halafu kwenye mnada baada ya ibada, watu wakitaja bei ya kumkera, anayanunua mwenyewe kwa bei ya juu. "Mayai ya Bwana hayauzwi bei ya gulioni!" Jioni tunakaangiwa. Sisi wajukuu tulikuwa tunaomba kimoyomoyo watu wataje bei ndogo.

Makete Baridi
Mleta mada umenigusa. Kwenye historia ya bibi yangu waliandika "alilea wajukuu yatima". Maneno matatu tu.

Miaka ya tisini ugonjwa ulipitia nyumba yetu kama moto wa kichaka. Bibi alizika watoto wake wanne. Tukabaki wajukuu rundo, mkubwa wetu hajamaliza hata la saba. Viazi alilima mwenyewe, vikapu vya mianzi alisuka usiku, vikipelekwa mnadani tunapata daftari. Viatu vya kanisani vilikuwa jozi chache, kwa hiyo tuligawanywa: wengine ibada ya kwanza, wengine ya pili. Wa kwanza wakitoka tunakutana nyuma ya kanisa, wanavua, tunavaa. Viatu vinakuwa bado vya moto, na Julai kwetu sakitu imelala kwenye majani, kwa hiyo wa ibada ya pili tulijiona tumependelewa. Yeye bibi aliingia na makatambuga yake miaka yote, akakaa benchi la mbele.

Ila kikubwa ni hiki. Wakati huo kila msiba ulikuwa na mchawi wake. Nyumba zinahama, ndugu hawasalimiani. Siku moja kwenye jumuiya mtu akaanza kumtaja jirani. Bibi akasimama, akasema, "Wanangu wameuawa na ukimwi. Jirani yangu amenisaidia kuchimba makaburi. Tuendelee na sala." Ukimya wa siku ile sijausikia tena mahali popote.

Mama mdogo naye aliugua. Dawa za bure zikaanza kutolewa nchini 2004, na zilipofika kwetu yeye akawahi. Bibi alikuwa anamwamsha kumeza kwa kugonga sufuria na mwiko, mtaa mzima unajua saa za dawa. Mama mdogo yupo hadi leo, ndiye aliyesoma ile historia, akalia akashindwa kumaliza.

Uyole Kwetu (mleta mada)
Makete Baridi, nimesoma nikaweka simu chini kwanza. Mungu ampumzishe.
Huku kwetu nimependekeza kwenye arobaini tusome vijitabu vya bibi. Mjomba amekataa katakata. Kumbe mdaiwa mmoja wa ndizi ni mzee wa kanisa, na yupo hai.

Tosa Mianzi
Jamani tusiwafanye wote malaika. Bibi yangu wa upande wa Tosamaganga alikuwa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, sare imepigwa pasi, rozari haimtoki mkononi. Mama yangu alipoolewa na Mlutheri, bibi hakuja harusini, na miaka mingi hakula kwetu. Akipita anasalimia akiwa njiani, "Kamwene," anaendelea. Mdogo wangu alipolazwa ndipo akaja na kuku chini ya kwapa, akamchinja na kumpika, akala na sisi. Samahani hakuomba, na mama hakumdai.

Na historia yake ikasema "alikuwa mkulima". Mkulima wa nini? Ada zetu zote zimetoka kwenye ulanzi, pombe ya mianzi! Masika akigema anauza hadi Jumamosi jioni, Jumapili anafunga mlango. Padri alijua, wateja wengine walikuwa wanakwaya.

Mufindi Chai
😂😂 Mkulima wa mianzi, wameandika sahihi.

Mbalizi Relini
Wangu bado yupo, nashukuru Mungu. Ushauri wangu kwa wenye bibi hai: msiwaulize "ulizaliwa mwaka gani", mtapewa jibu la kuwaridhisha. Muulizeni kwa matukio. Uhuru 1961 ulikuwa umeshaolewa? Wachina wanajenga reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975, ulikuwa unanyonyesha nani? Operesheni Vijiji ya 1974, ile ya kuhamishia watu vijijini, ilikukuta kwenye nyumba ipi? Mimi nilikaa naye jikoni anachambua maharage, simu inarekodi, nikaja kupiga hesabu: miaka 88 au 89. Nikampelekea jibu kwa furaha. Akakataa. Anasema haiwezekani, mwenzake wa kwaya ana 85, na huyo ndiye mkubwa wake.