Formaldehaidi hewani: maabara inasema ppm 1.7, mita inasema 0.25

MpimaHewa
Wakuu, habari zenu. Nimekwama.

Napima formaldehaidi kwenye chumba cha kukatia tishu zilizohifadhiwa kwa formalini (formaldehaidi iliyoyeyushwa majini). Katriji ya kunasia hewa ni ya silika jeli iliyopakwa DNPH (kemikali inayoshikana na formaldehaidi), pampu lita 1.0 kwa dakika, muda dakika 15. Nimeiosha katriji kwa mL 5 za asetonitrili, kisha HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali za kwenye myeyusho), safu ya C18, mwanga wa nm 360. Jibu ni µg 6.3 kwa mL. Kwa hiyo 6.3 × 5 = µg 31.5, gawanya kwa lita 15 unapata mg 2.1 kwa mita ya ujazo, kama ppm (sehemu kwa milioni) 1.7. Mita ya mkononi ya kielektrokemia ilikuwa pembeni ikicheza kwenye 0.25 tu. Nishike lipi?

Kilele360
Mkuu, chukua cheti cha myeyusho wako wa viwango (ule wa kusawazishia HPLC) ukisome neno kwa neno. Kinachopita kwenye HPLC si formaldehaidi, ni hidrazoni yake, yaani kile kinachoundwa ikishikana na DNPH. Wauzaji wengine huandika kiwango kwa uzito wa hidrazoni, wengine kwa uzito wa aldehaidi, na chupa zinafanana.

Hidrazoni ina uzito wa molekuli 210.15, formaldehaidi 30.03. Uwiano ni 0.143. Jaribu: 31.5 × 0.143 = µg 4.5. Gawanya kwa 15, ni mg 0.30 kwa mita ya ujazo. Kwa nyuzi 25, ppm 1 ni mg 1.23 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ppm 0.24. Umezidisha mara saba. Ila kama cheti kimeandikwa kwa aldehaidi, usiguse hiyo 0.143, utaharibu upande wa pili.

Bi_Sampuli
Hesabu ni sahihi, lakini kulingana na mita si ushahidi. Sensa hizo huitikia pia alkoholi, na formalini ya kawaida hutiwa methanoli isigande, achilia mbali ethanoli ya maabara za tishu.

Ushahidi utafute kwenye kromatogramu yenyewe, ule mchoro wa HPLC ambao kila kemikali ina kilele chake. Kilele cha DNPH ambayo haijatumika hutangulia kile cha hidrazoni. Kama kimetoweka, katriji ilijaa na jibu lako ni la chini kuliko ukweli. Asetoni ndiyo mlaji mkubwa wa DNPH, hata formaldehaidi ikiwa kidogo. Ukihofia hilo, funga katriji mbili mfululizo. Ya nyuma ikibeba zaidi ya asilimia 10 ya ya mbele, rudia kwa muda mfupi zaidi.

Mtiririko wa pampu upimwe katriji ikiwa imefungwa, kabla na baada, maana katriji huibana pampu. Penye ozoni weka kichujio cha iodidi ya potasiamu mbele, kwani ozoni hula DNPH na hidrazoni pia. Na tafadhali, katriji zisikae friji moja na formalini! Sampuli tupu za uwandani (katriji zisizopitishwa hewa) zisipungue mbili, wastani wake uondolewe kwenye jibu.

MpimaHewa
Cheti kinasema hidrazoni. Asanteni sana. DNPH imebaki nyingi, kilele ni kirefu. Swali la mwisho: HPLC ina foleni, naweza kuhamia njia ya asidi ya kromotropiki?

Kilele360
Kwa chumba chako, hapana. Njia hiyo hunasa hewa kwenye vibubujishi viwili (chupa za kioo ambamo hewa hububujika) vyenye mL 20 za sodiamu bisulfaiti ya asilimia 1. Maabara huchukua mL 4, huongeza mL 0.1 ya asidi ya kromotropiki ya asilimia 1 na mL 6 za asidi ya salfuriki kali, hupasha nyuzi 95 kwa dakika 15, huacha ipoe na kusoma rangi kwenye nm 580. Ethanoli na fenoli hushusha rangi hiyo, nawe ethanoli unayo. Tena kumfunga mfanyakazi chupa za kioo zenye kimiminika kifuani ni kutafuta umwagikaji. Katriji zako zifunge kwa foili, ziweke kwenye nyuzi 4, usubiri foleni.