Tupeane uzoefu: nomino na viwakilishi vya Kiingereza vilikuingiaje akilini?

MwalimuKongwa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza na cha Pili kwenye shule ya kata huku Kongwa. Watoto wanatupata wakiwa wamesoma masomo yote kwa Kiswahili miaka saba, halafu ghafla Jiografia, Baiolojia, Historia, vyote vinakuja kwa Kiingereza. Ukimwuliza mtoto maana ya "noun" anakumwagia bila kukwama: jina la mtu, mahali au kitu. Mwambie sasa aandike sentensi moja kuhusu mama yake. Anaandika: "My mother he is a farmer."

Nimeshaona madaftari mengi ya namna hii, na nimefikia kuamini kwamba mtoto huyu hafanyi uzembe. Anaifuata sarufi ya Kiswahili kwa uaminifu. Katika "mama analima", ile a- haiondoki hata kama mama ametajwa. Huwezi kusema "mama nalima" ukimaanisha yeye. Kwa hiyo mtoto anaitafutia a- yake mahali pa kukaa kwenye Kiingereza, na neno analolijua ni "he". Mimi huwaambia kiwakilishi na nomino wanagombea kigoda kimoja: akikaa "my mother", "she" anasimama. Wanaelewa hapo hapo.

Jambo la pili ni kwamba kiwakilishi chetu kinafuata ngeli, cha kwao kinafuata jinsi na uhai. Mbuzi kwetu ni "amepotea", sawasawa na mtoto. Kiingereza kinasema "it", isipokuwa kwa mnyama ambaye msemaji anajua ni dume au jike na anamhesabu kama wa nyumbani. Watoto wa wafugaji hawakubali kirahisi kwamba ng'ombe ni "it", na siwalaumu.

Naomba kila mwenye uzoefu aseme: ni maelezo gani yalikufungua? Wenzenu huku darasani tunayahitaji.

GuniaKibaigwa

Mwalimu, umegusa penyewe. Mimi nipo soko la mahindi Kibaigwa, wanunuzi wa nje wanapokuja huwa naitwa kusaidia mazungumzo. Mimi nomino ndizo zilinisumbua, viwakilishi havikuwa tatizo. Mahindi kwetu ni wingi: yameshuka, yamepanda, yamelowa. Kwa Kiingereza "maize" haihesabiki, kwa hiyo ni "maize is", wala hakuna "maizes" hata kama mbele yako kuna fuso kumi. Ukitaka kuhesabu unahesabu chombo: "ten bags of maize". Nilipoelewa hilo, mambo mengi yalijipanga yenyewe. Maji yamekwisha, pesa zimekwisha, nywele zimekua: kwetu vyote wingi, kwao "water", "money" na "hair" vyote vinakwenda na "is".

Halafu kuna kinyume chake. Suruali yangu imechanika, moja tu, lakini wao wanasema "my trousers are". Mkasi uko wapi? "Where are the scissors?" Miwani vilevile, "glasses". Ushauri wangu kwa wanafunzi: usiangalie kitu kwa macho ukaamua ni kimoja au vingi. Jifunze neno pamoja na tabia yake, kama tunavyojua tu kwamba maziwa ni "yamemwagika" bila mtu kutuuliza maziwa moja ni lipi.

MamaNzuguni

Samahani mwalimu, mimi ni mzazi na nina wasiwasi kidogo. Kuchambua sentensi za Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza si kutawachelewesha? Tunalipia tuisheni ili wasikie Kiingereza, na mwalimu wa huko anakataza Kiswahili kabisa.

MwalimuKongwa

Wasiwasi wako una haki, mama. Kusikia na kusema Kiingereza hakuna mbadala, na kipindi kikubwa lazima kiwe hicho. Lakini dakika tano za kulinganisha zinaokoa miezi ya kusahihisha kosa lile lile. Chukua hili: "John and her mother". Utamkataza mtoto mara mia, ataandika tena, kwa sababu hujui anachofikiri. Anafikiri hivi: kwa Kiswahili, kimilikishi kinakubaliana na kinachomilikiwa. Kitabu chake, vitabu vyake, nguo zake. Basi naye anaangalia kinachomilikiwa, anaona mama, mama ni mwanamke, anaandika "her". Amefikiri vizuri kabisa, ila kwa kanuni ya kwetu. Kiingereza kinamwangalia mwenye mali: John ni mwanamume, kwa hiyo "his mother". Ukimwonyesha hivyo kwa Kiswahili mara moja, anageuka.

Na hii pia: "the book which I bought it". Kitabu nilichokinunua. Ile -ki- ya pili ndiyo "it" yake. Mtoto hajabuni kitu.

KaraniDom

Niongeze la ofisini. Tuliwahi kuwa na taarifa ya safari iliyoandikwa "We went to Kondoa with the driver." Walikwenda watu wawili, ofisa na dereva. Kwa Kiswahili "tulikwenda na dereva" inabeba maana hiyo bila shida, ile tu- imeshammeza dereva ndani yake. Mhasibu akasoma Kiingereza kama kilivyo: "we" ni angalau wawili, ongeza dereva, watatu. Karatasi ikarudishwa, posho ikakaa. Wanaoandika ripoti, kama mlikuwa wawili andikeni "The driver and I went". Na ni "I", kwa sababu mnatenda. Akikupeleka yeye ndipo inakuwa "he took me".

BintiChemba

Mimi ni Msandawe wa Kwa Mtoro. Huwa nasikia ikisemwa kwamba Watanzania wote wanachanganya "he" na "she" kwa sababu lugha zetu hazitofautishi. Kigogo hakitofautishi, Kirangi hakitofautishi, hizo ni za Kibantu kama Kiswahili. Kisandawe siyo. Nyumbani kwetu yeye wa kiume ni "hewe" na wa kike ni "hesu". Dada yangu aliyenifundisha Kiingereza alianzia hapo, akasema "she" ni "hesu", basi. Walimu wa Chemba na Kondoa, ulizeni watoto wanaongea nini nyumbani kabla hamjaanza. Huenda kwa baadhi yao mlango umeshafunguliwa na lugha ambayo hakuna anayeitaja darasani.

MwalimuKongwa

Dada, hili sikuwahi kulifikiria. Jumatatu nawauliza wangu.

KatekistaBahi

Mimi nilinaswa na "you". Wewe au ninyi? Kiingereza cha leo hakisemi. Cha zamani kilisema: Biblia ya King James ya 1611 ina "thou" na "thee" kwa mmoja, "ye" kwa wengi. Fungueni Yohana 3:7. Yesu anaongea na Nikodemo peke yake, "I said unto thee", kisha "Ye must be born again". Ameanza na mmoja, amemalizia na watu wote. Biblia zao za kisasa zikiweka "you" pande zote mbili, msomaji hauoni mgeuko huo. Ya kwetu inauonyesha: "nilikuambia", halafu "hamna budi". Vijana wangu wa jioni nikiwasomea hapo, wanaona kwamba Kiswahili kinaweza kuwa taa ya kusomea Kiingereza.

KaraniDom

Mwalimu, swali la mwisho. Nikiandika tangazo kuhusu mtu nisiyemjua jinsi, mfano mwombaji wa kazi, niweke "he" au "he or she"?

MwalimuKongwa

Weka "they": "Each applicant must sign their form." Si uvumbuzi wa juzi, Waingereza wanatumia "they" kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14. Ila kitenzi kinabaki cha wingi: "they are", hata kama mwombaji ni mmoja. Kama bosi wako ni wa shule ya zamani na atalikataa, geuza sentensi nzima iwe wingi, "All applicants must sign their forms", hapo hakuna wa kubisha.