Siku moja Mombasa: Fort Jesus na Mji wa Kale, au Mama Ngina?

Kiporo
Habarini wadau. Tunakuja Mombasa na familia, tuna siku moja tu ya kuzunguka kabla ya kuelekea Diani, pwani ya kusini. Mwenzangu ameng'ang'ania Fort Jesus, ile ngome ya Wareno, na Mji wa Kale. Mimi nimeona picha za Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari, tangu pakarabatiwe, naona watoto watafurahi zaidi huko, tena nasikia kuna mashua za kuzungusha watu. Nataka kukata tiketi za treni leo jioni. Nyinyi mngechagua wapi?

MwanaMvita
Karibuni sana. Lakini ndugu yangu, unamwendea daktari na hutaki kusema unaumwa wapi. Watoto wa umri gani? Kuna mzee katika msafara? Mwezi gani? Na treni ipi? Ile ya saa mbili asubuhi kutoka Nairobi inafika kituo cha Miritini mnamo saa nane mchana, na Miritini si mjini. Ukishapambana na foleni ya Changamwe, kufika ngomeni ni saa kumi hivi, na ngome inafungwa saa kumi na mbili. Ya alasiri inakushusha usiku. Ya usiku inakushusha kabla ya alfajiri, na milango yote bado imefungwa. Jibu linategemea hapo.

Baharia_Mstaafu
Fort Jesus, hakuna mjadala. Mama Ngina ni bustani yenye vijia na viti, na upepo uko kila mahali pwani hii. Ngome Mreno aliianza 1593, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watoto wapelekeni moja kwa moja kwenye ile michoro ya ukutani waliyochora mabaharia wa Kireno kwa mkaa na udongo mwekundu. Kuna merikebu, kuna samaki, kuna watu. Wanangu waliganda pale hata nikawavuta kwa mkono. Halafu kuna vyombo vilivyoopolewa na wapiga mbizi kutoka Santo António de Tanná, merikebu iliyozama mbele ya ngome 1697 wakati Waomani wameizingira.

Tunu_Kibokoni
Shekhe, unasema kama mtu aliyekwenda asubuhi. Jaribu saa saba mchana na mtoto wa miaka mitatu mgongoni! Ule uwanja wa kati hauna kivuli cha maana, mawe yanarudisha joto usoni, na juu ya kuta hakuna pa kumwachia mtoto akimbie. Ngome ni ya asubuhi inapofunguliwa saa mbili, au ya saa kumi jua likipoa. Ukitoka, shuka barabara ya Ndia Kuu taratibu hadi Msikiti wa Mandhry, ule wa 1570, mnara wake mweupe hutaukosa, kisha Bandari ya Kale. Tazameni milango ya nakshi mkiwa mnapita, na wenyeji muwaombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha. Ikiwa ni Ijumaa, adhuhuri maduka yanafungwa, msije mkasema mji umekufa.

Kasia
Mimi nizungumzie mashua, kwa sababu hapo ndipo watu huumia. Mwaka jana nilikuja na wakwe zangu, wazee wawili kutoka bara ambao bahari walikuwa wakiiona kwenye kalenda. Tukapatana bei na kijana mmoja pale ufukweni, nikamuuliza mara mbili: ni ya chombo chote? Akasema ni ya chombo chote, bosi, panda. Tukapanda. Kwanza tukakaa tukisubiri, eti bado kuna wateja wawili wanakuja. Wakaja sita. Mama mkwe akabanwa pembeni, kila wimbi likimrushia maji begani, na yeye kwa adabu yake anasema "hapana, niko sawa." Maboya ya kujiokolea yalikuwa manne, sisi ni zaidi ya kumi. Tulipofika mbali na nchi kavu injini ikazimwa, na kijana akaanza kupita na mkono: bei ni ya kila kichwa. Utabishana vipi hapo? Baba mkwe akatoa pesa kimya kimya, na mpaka leo nikitaja Mombasa ananiuliza kama kule bado wanahesabu vichwa. Sisemi wote wako hivyo. Ila hesabuni maboya kabla ya kupanda, mpatane mbele ya shahidi, na mlipe mkisharudi.

MwanaMvita
Kasia, pole. Ila sikubali hilo liwe doa la Mama Ngina nzima. Hakuna kiingilio, kuna mibuyu ya zamani ya kukaa chini yake, na meli ya makasha inapoingia bandari ya Kilindini inapita karibu mpaka unasoma jina lake ubavuni. Mtoto gani ataacha hiyo aende kuangalia bakuli zilizovunjika?

Pwani_Damu
Na machweo pale ni moto.

Baharia_Mstaafu
Machweo gani? Mombasa jua linachomoza baharini, linazama bara. Ukitaka kuliona likitoka majini, nenda Mama Ngina alfajiri. Na bakuli hizo, MwanaMvita, zimeshuhudia watu wakizingirwa kutoka Machi 1696 hadi Desemba 1698. Wengi wao waliuawa na maradhi kabla hata ya upanga.

Pwani_Damu
Sawa mwalimu, tumekusikia. Jioni basi, si machweo. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, dafu mkononi.

Tunu_Kibokoni
Mihogo? Aje Mji wa Kale ale viazi karai na ukwaju. Mihogo hata kwao ipo.

Kiporo
Asanteni. Tunatoka Nakuru. Watoto ni wa miaka minne na tisa, na tunakuja na mamangu, goti linamsumbua. Ni Desemba. Nilikuwa nimefikiria treni ya asubuhi.

Tunu_Kibokoni
Goti! Hilo ndilo ungeanza nalo, mwanangu. Kwenye ngome kuna miteremko na ngazi. Mama akae Mama Ngina na wajukuu, wewe na mwenzako mkapige ngome saa kumi. Tuktuk ni dakika chache tu kati ya pale na pale. Na mbebe vitambulisho, kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni.

Mteza_Boy
Subirini kwanza. Kama wanashuka Miritini na safari ni ya Diani, kisiwani wanaingia kufanya nini? Barabara ya Dongo Kundu inaanzia huko huko, inapita daraja la Mteza, hakuna haja ya kuvuka kwa feri ya Likoni. Jioni wako ufukweni.

MwanaMvita
Yaani mtu afike Mombasa asiingie Mombasa? Wallahi mtu wa Kwale huyu!

Pwani_Damu
Na feri yenyewe ni matembezi. Kwa miguu hulipi hata ndururu.

Kasia
Desemba, na mama mwenye goti, kwenye ule umati wa Likoni? Hapana.

Mteza_Boy
Usiku Dongo Kundu pakoje siku hizi? Nina mgeni anafika na treni ya alasiri wiki ijayo.