Mjadala: Picha zinazouzwa Mji Mkongwe zichapwe kwenye kanvasi tu?

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mwenzetu aliyeufungua mjadala huu anataka wapigapicha wa Unguja tukubaliane kuchapa picha za kuuza kwenye kanvasi tu, yaani kitambaa kizito cha kuchapia picha, kwa hoja kwamba karatasi haihimili unyevu wetu na kwamba mgeni huweza kuiviringisha kanvasi ndani ya bomba akapanda nayo ndege. Hoja ya bomba naikubali. Ya unyevu siikubali, kwani inaibebesha karatasi kosa la fremu.

Masika yaliyopita niliifungua fremu ya picha yangu iliyotundikwa kwa jamaa zangu Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe. Karatasi ilikuwa imegandana na kioo hata haikubanduka bila kuchanika, na pembezoni madoa ya koga yameshaanza kutanda. Aliyeitia fremu hakuweka paspatu, yaani ukingo wa kadibodi wa kuitenga picha na kioo, na mgongo wa fremu aliuacha ukigusa ukuta. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza maji na kuyatoa polepole. Kanvasi nayo, ambayo mara nyingi ni pamba iliyochanganywa na poliesta, ingetundikwa pale ingelegea na kuota koga vilevile.

Tena kanvasi isiyopakwa vanishi huacha wino wazi kwa vumbi, mikono na hewa ya chumvi, na ikivutwa vibaya kwenye mbao tabaka la wino hupasuka kwenye kingo. Nakiri kwamba karatasi isiyong'aa iliyotengenezwa kwa nyuzi za pamba nayo ni dhaifu: ukucha ukipita, alama hubaki.

Lakini itazameni picha yenyewe. Mlango mmoja wa kuchonga niliuchapa kwa njia zote mbili. Kwenye karatasi laini ya pamba tupu, gramu 308 kwa mita mraba, pingili za mnyororo uliochongwa kwenye mwimo zinahesabika moja moja. Kwenye kanvasi nyuzi za kitambaa zimezimeza, na aliyechonga kwa patasi amepotezewa kazi yake. Picha ya jahazi yenye ukubwa wa mita moja na nusu, inayotazamwa kwa mbali, sina ugomvi ikiwa kwenye kanvasi.

Kinachomdhulumu mnunuzi zaidi ni wino wa bei rahisi unaopauka juani, na karatasi iliyotiwa kemikali za kuing'arisha, ambazo zikichoka weupe wake hugeuka umanjano. Kwa hiyo badala ya kupiga karatasi marufuku, napendekeza kila picha iandikwe nyuma aina ya karatasi au kanvasi, aina ya wino na mwaka iliochapwa, na mwenye duka amsomee mnunuzi kabla ya kupokea fedha.