Intaneti ilijengwa kwa kodi za watu, mbona bando langu linakufa saa sita usiku?

Mtu wa Mwanga:
Wana Kigoma na majirani zetu, habari za jioni. Jana saa tatu usiku nimenunua bando la siku, kampuni siitaji. Saa sita limezimwa, MB zaidi ya nusu zimo ndani. Usingizi ukakata, nikabaki nawaza. Hiki kitu hakikuanzishwa na kampuni ya simu. Pesa ya mwanzo ilitoka Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ule mtandao wao wa ARPANET wa 1969. Kodi hiyo. Baadaye Tim Berners-Lee, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, akabuni hizi tovuti, na Aprili 1993 CERN wakaziachia dunia nzima bila kudai hata senti. Kama mwenye mali kaitoa bure, mimi nauziwa nini? Nasema halmashauri iweke intaneti ya bure stendi, sokoni na mashuleni. Nani anapinga?

Mnyamwezi Halisi:
Mimi napinga. Barabara nayo imejengwa kwa kodi, mbona nauli unalipa? Halafu ndugu yangu, nyie ni mwisho wa reli. Kila kitu kinawafikia kimeshachoka. Shukuruni hicho mnachopata.

Kijana wa Ujiji:
Hebu rudia. Reli ilifika kwenu Tabora 1912, ikawaangalia, ikapita. Ilikuwa na safari yake ya kuja ziwani, ikafika 1914. Nyie ni pale abiria anaposhuka kununua asali na kunyoosha miguu.

Mwalimu Mstaafu:
Vijana, taratibu. Turudi kwenye mada. Nasikia watu wengi wakisema intaneti iliundwa ili ihimili bomu la nyuklia. Hapo yamechanganywa mambo mawili. Aliyewaza mtandao wa kuhimili mashambulizi ni Paul Baran wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani. ARPANET yenyewe ililengwa watafiti watumie kompyuta za wenzao walio mbali, maana zilikuwa ghali na kila chuo kilitaka yake. Tarehe 29 Oktoba 1969 mwanafunzi wa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, Charley Kline, alijaribu kuandika LOGIN kwenda Stanford Research Institute. Zikafika herufi mbili, L na O. Mtambo ukaanguka.

Dagaa Mkavu:
Shikamoo mwalimu. Herufi mbili kisha ikaanguka? Mbona hiyo ndiyo ninayotumia mimi hapa Kibirizi hadi leo.

Mnyamwezi Halisi:
Mwalimu, mimi nilijua intaneti kaileta Bill Gates.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba, binti. Na wewe Mnyamwezi, ungekuwa darasani kwangu ungepiga magoti.

Fundi Minara:
Mtu wa Mwanga, wewe unachanganya lugha na waya. Kilichotolewa bure ni lugha: namna kompyuta zinavyosemezana. Wamarekani wawili wataalamu wa kompyuta, Vint Cerf na Bob Kahn, waliiandika kwenye miaka ya 70, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET yote ikahamia huko. Ila waya, mnara, betri na dizeli ya jenereta hakuna aliyevitoa sadaka. Mimi ndiye napanda minara, najua.

Niwaeleze kwa mfano wa hapa hapa. Unatuma dagaa Tabora. Simu ya zamani ilikuwa kama kukodi behewa zima, limejaa halijajaa ni lako mpaka ufike. Intaneti unagawa mzigo kwenye viroba, kila kiroba kina namba na jina la mpokeaji. Kimoja kinapanda treni, kingine basi la Uvinza, kingine lori la mtu. Vinafika vimepishana. Mpokeaji anavipanga kwa namba. Kiroba namba 4 kikikosekana, anaomba kitumwe tena.

Dagaa Mkavu:
Kitumwe tena na nani? Mwezi uliopita viroba vyangu viwili vimepotea njiani, mwenye gari kaniambia "pole mama". Hakuna aliyenitumia tena. Usilinganishe jasho langu na mambo ya simu.

Fundi Minara:
Dada, ni mfano tu. Kwenye intaneti mtumaji anabaki na nakala.

Mnyamwezi Halisi:
Kumbe tunaokula huku Tabora ni nakala! Ndiyo maana siku hizi wana mchanga.

Dagaa Mkavu:
Mchanga? Mimi naanika kwenye chanja, mtu mzima wewe. Asubuhi nawageuza kwa mkono, mchana nawageuza tena, mvua ikitishia nawafunika na turubai kabla sijawafunika wanangu. Wa mchanga ni wale wanaoanikwa chini, unawanunua mwenyewe kwa kuogopa bei. Niombe radhi.

Kijana wa Ujiji:
Mwache huyo mama. Wanajifanya mjini, wakati habari za dunia zilikuwa zinatokea kwetu. Stanley kamkuta Livingstone Ujiji, 1871.

Mnyamwezi Halisi:
Na habari yenyewe ikafika London lini? Mwaka uliofuata. Kasi ya Kigoma hiyo.

Mwalimu Mstaafu:
Hapo kasema kweli, ingawa kosa si la Ujiji. Waya wa simu za maandishi wa chini ya bahari ulifika Zanzibar 1879, miaka minane baadaye.

Mtu wa Mwanga:
Jamani, stendi na mashule vipi?

Kijana wa Ujiji:
Subiri kwanza. Mnyamwezi aseme nani alitangulia kuwa na kafe ya intaneti. Mimi 2003 nilifungua barua pepe hapa Kigoma, nimelipia nusu saa. Ukibonyeza, unatoka nje kununua karanga, ukirudi ukurasa umefika kichwa tu.

Fundi Minara:
Ile ilikuwa setilaiti. Iko kilomita 36,000 juu, swali lipande, lishuke, jibu nalo hivyo hivyo. Na kanjia kembamba mnagawana kafe nzima. Nafuu ilianza 2009, mkongo wa SEACOM ulipotua Dar es Salaam, kisha nyaya zikaja bara. Ndiyo nasema bure haiwezekani, ila mashuleni naunga mkono. Stendi hapana, watu watapakua sinema na basi litawaacha.

Mnyamwezi Halisi:
2003? Sisi 2001 tulikuwa nayo. Mama, radhi nakuomba, hao wa chanja kiroba shilingi ngapi?

Dagaa Mkavu:
Bei yako wewe imepanda. Njoo inboksi.

Kijana wa Ujiji:
2001 gani? Ile kafe yenu niliiona nikiwa shuleni huko. Kompyuta sita, moja skrini ya kijani, na foleni ya wanafunzi mpaka barabarani.

Mtu wa Mwanga:
Na mimi MB zangu?

Mnyamwezi Halisi:
Nane, siyo sita. Na ya kijani ilikuwa imelegea waya nyuma, ukiibana na kitabu inarudi rangi. Mimi ndiye nilikuwa nazipangusa vumbi kila asubuhi, usinifundishe.