Ukoo wa Bibi Tanga 🌴: hesabu ya hewa ukaa

*Ijumaa*

20:04 Zainabu: Assalaam alaykum wote. Kesho tarehe 1, kila nyumba ianze kuandika. Nataka namba nne tu kwa mwezi: kilo za gesi, kilo za mkaa, yuniti za umeme wa LUKU, lita za mafuta ya gari au pikipiki. Taka na nyama tutaanza mwezi unaofuata.

20:06 Zainabu: Kuzidisha nitazidisha mimi. Gesi kilo 1 inatoa hewa ukaa kilo 3. Petroli lita 1, kilo 2.3. Dizeli 2.7. Mafuta ya taa 2.5.

20:07 Zainabu: Msiniletee majibu ya vikokotoo vya kwenye simu. Vingi vimetengenezwa kwa watu wa Ulaya, vinakuuliza nyumba unaipashaje joto, mkaa havina habari nao. Ukijaza hivyo unaonekana msafi kumbe jikoni pameungua gunia zima.

20:31 Zainabu: Watu 19 mmesoma. Kimya.

20:48 Salimu Muscat: Waalaykum salaam dada. Mimi sina mkaa wala LUKU, niandike nini?

20:50 Zainabu: Kilowati-saa za kwenye bili. Ndiyo yuniti hiyohiyo. Ila yako nzito kuliko ya kwetu, umeme wa Oman karibu wote ni wa gesi. Huku nilikuwa nazidisha kwa kiwango cha zamani cha hewa ukaa kwa yuniti, enzi za gesi ya Songosongo na Mtwara, nikaacha. Bwawa la umeme la Julius Nyerere ni megawati 2,115, mchanganyiko wa gesi na maji umebadilika. Kwa hiyo umeme andikeni yuniti tupu, nitatafuta kiwango cha mwaka huu.

20:52 Zainabu: Na tiketi za ndege andika, Salimu. Muscat–Dar karibu km 4,000. Kwa kadirio la chini la kilo 0.1 kwa kila kilomita, kwenda na kurudi ni kilo 800. Mitungi karibu 18 ya gesi ya kilo 15.

20:53 Salimu Muscat: Mitungi 18!! Basi Idi nisije?

20:53 Mwajuma: Bibi anauliza nani kasema Salimu haji Idi 😳

20:55 Salimu Muscat: Hapana hapana, nakuja. Mwambie nakuja.

21:02 Kassimu Fundi: Na pumzi za Mjomba Idi akishakula maharage zinaandikwa safu gani? 😂😂

21:02 Mwajuma: 😂😂😂

21:03 Salimu Muscat: Hiyo peke yake kiwanda

21:10 Zainabu: Pumzi ya mtu haihesabiwi. Kaboni tunayopumua imetoka kwenye chakula, na chakula kiliivuta hewani kilipokuwa shambani. Kinachohesabiwa ni trekta, mbolea, lori na moto wa kukipikia. Turudi kwenye gesi tafadhali.

21:14 Zainabu: GESI. Usihesabu mitungi uliyonunua. Tarehe 1 mtungi uko nusu, tarehe 30 uko robo, hesabu imeshaharibika. Pima uzito. Funga gesi, toa regulata, panda mizani ya kupimia mwili umeubeba mtungi, kisha panda bila mtungi, toa. Sakafu iwe ngumu, siyo zuliani, mizani inadanganya. Rudia mwisho wa mwezi, tofauti ndiyo gesi uliyochoma. Ukibadilisha mtungi katikati, pima unaotoka na unaoingia. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye mtungi wenyewe, tafuta herufi TW.

21:15 Zainabu: MKAA. Hapo ndipo tunapokosea wote. Gunia siyo kipimo, lumbesa moja si sawa na nyingine. Jaza debe lako moja, lipime kwa mizani ya kuning'iniza, toa uzito wa debe. Kuanzia hapo hesabu madebe. Mkaa uliolowa usipime, unapima maji, uanike kwanza. Chenga zinazobaki chini ya gunia pima mbali, hazijaungua.

21:40 Kassimu Fundi: Niseme la friji. Msishike wati zilizoandikwa mgongoni mkazidisha kwa saa 24. Kompresa inawaka na kuzima. Nina kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, kikae siku nzima, mlango ufunguliwe kama kawaida. Na bana karatasi kwenye mpira wa mlango: ikitoka bila kushikwa, baridi inavuja hapo na kompresa hailali.

21:41 Zainabu: Asante mdogo wangu. Hicho kipima kizunguke nyumba zote, siku mbili mbili.

21:43 Zainabu: Mizani ya kuning'iniza tulikuwa nayo, ya ukoo, tangu arobaini ya Babu. Iko kwa nani?

22:20 Mama Mdogo Rukia: Mizani iliondoka na mkaa wa Muheza. Wenye kujua wanajua.

22:26 Mjomba Idi: Naona tumerudi kulekule.

22:27 Mama Mdogo Rukia: Sikutaja jina.

22:27 Mjomba Idi: Mkaa ule ulipikia shughuli ya nani? Mlikula wote.

22:30 Kassimu Fundi: Jamani usiku huu. Bibi yumo humu

22:34 Zainabu: Naomba nilijibu kama hesabu, Mjomba, siyo kama lawama. Mkaa una hesabu mbili. Mti ukikatwa kisiki kikachipua, au ukapandwa mwingine ukakua, hewa ukaa ile inarudi mtini. Pasipoota kitu, yote inabaki juu. Na tanuri la udongo linakula kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo 1 ya mkaa, na kwa kuwa linaungua kwa hewa kidogo linatoa na methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto. Kwa hiyo swali ni moja: pale Muheza ilipokuwa miembe iliyokatwa kwa mkaa ule, kuna nini sasa?

22:35 Zainabu: ?

*Jumamosi*

06:12 Mwajuma: Bibi kasema niandike neno kwa neno. "Pale hapajaota kitu. Mahindi misimu miwili, kisha majani. Miembe ile haikuwa ya Idi wala ya Rukia, aliipanda baba yenu. Andikeni yote. Na mimi mkaa wangu wa vitumbua uandikwe, msinionee haya."

06:40 Salimu Muscat: Shikamoo Bibi.

06:41 Kassimu Fundi: Shikamoo Bibi.

09:15 Zainabu: Shikamoo Bibi. Nimeandika. Magunia 14 ya mkaa wa Muheza, nimeweka kilo 50 kila moja, kilo 700. Kwa kilo 7 za kuni kwa kilo ya mkaa, ni kuni kavu kilo 4,900. Nusu ya kuni kavu ni kaboni, kila kilo ya kaboni ikiungua inakuwa hewa ukaa kilo 3.67. Karibu tani 9. Ningehesabu moto wa jikoni peke yake ningepata tani 2 tu.

09:16 Zainabu: Tani 9 ni gesi ya kilo 3,000. Mitungi 200 ya kilo 15.

13:50 Mama Mdogo Rukia: Mimi gesi yangu niandike mtungi mmoja?

13:52 Zainabu: Kilo, Mama Mdogo. Nimeeleza jana 21:14.

17:05 Kassimu Fundi: Mizani nimeazima kwa wauza vyuma chakavu, ninayo mpaka Jumatano. Nianze kwa nani?

17:20 Zainabu: Kwa Bibi. Mwajuma, debe la vitumbua liwe kavu.

*Jumapili*

05:52 Mjomba Idi: Shikamoo Mama. Nimesoma. Miche ya maembe dodo nitaulizia. Ile mizani kulabu yake ilikatika, ndiyo maana.

08:30 Zainabu: Marekebisho ya kulabu tutachangia. Hadi sasa nimepata namba za nyumba 3 kati ya 11.

08:31 Zainabu: Na ile tani 9, inaandikwa nyumba ya nani, au tunaigawa kwa 11?

14:03 Salimu Muscat: Dada, tiketi ya watoto inahesabiwa nusu?